Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chipu ya PHY kwenye vifaa vya Ethaneti

Maswali haya yametoka kwa mafundi wenzetu wa Kariakoo na Ilala, wanafunzi wanaounda bodi zao, na watu wa ofisini waliochoka kuambiwa "tatizo ni mtandao" bila kuonyeshwa tatizo liko wapi. Soma unalolihitaji. Pale jibu moja linapotegemea lingine, tumeonyesha pa kwenda.

## Mambo ya msingi

PHY ni nini, na inakaa wapi kwenye bodi?

PHY ni sehemu ya kifaa cha mtandao inayogeuza biti kuwa umeme wa kupita kwenye waya, kisha ikaugeuza umeme unaotoka upande wa pili kuwa biti tena. Watu wanasoma "fai". Ndiyo inayobeba tabaka la kifizikia la Ethaneti, lile la chini kabisa.

Fungua ruta au kamera ya ulinzi na ufuate njia za shaba kuanzia soketi ya RJ45. Cha kwanza utakutana na kiboksi cheusi chenye miguu mingi: hiyo ni transfoma. Wakati mwingine imefichwa ndani ya soketi yenyewe. Baada yake inafuata chipu yenye kristali ya megahezi 25 (inayotoa mapigo ya saa) pembeni, na hiyo kwa kawaida ndiyo PHY. Majina utakayosoma juu yake ni kama RTL8211, LAN8720A, KSZ8081 au DP83848. Kwenye swichi ndogo za poti tano hutaiona peke yake, kwa sababu PHY zote zimejazwa ndani ya chipu moja pamoja na kazi ya kuelekeza fremu (vifurushi vya data).

Inatofautianaje na MAC?

MAC ni sehemu nyingine ya kifaa, inayoshughulika na fremu: anwani ya anayetuma, anwani ya anayepokea, na hesabu ya kukagua makosa mwishoni. PHY haijui anwani yoyote. Inapewa biti inazirusha. Inapokea umeme inatoa biti.

Mbili hizi huongea kupitia njia maalumu. MII hupitisha biti 4 kwa mpigo wa megahezi 25. RMII hupitisha biti 2 kwa megahezi 50 ili kupunguza miguu ya chipu. Kwenye gigabiti tunakutana sana na RGMII, ya biti 4 zinazosomwa mpigo unapopanda na unaposhuka, kwa megahezi 125. Pembeni kuna nyaya mbili nyingine, MDC na MDIO, ambazo kazi yake ni kusoma na kuandika mipangilio ya PHY. Matumizi yake yako kwenye sehemu ya wanaounda bodi.

Mtandao si dijitali? Kwa nini mnasema PHY ni ya analogi?

Hili ndilo swali tunalopenda kuliko yote, kwa sababu ukilielewa, nusu ya "maajabu" ya mtandao yanakwisha.

Ndani ya kompyuta, moja ni moja na sifuri ni sifuri. Kwenye waya hakuna moja wala sifuri, kuna volti tu. PHY inatuma mawimbi ya takribani volti moja juu na volti moja chini. Baada ya mita 100 za kebo ya Cat5e, sehemu ya wimbi yenye megahezi 31 hivi inakuwa imebaki robo, na ile ya megahezi 100 imebaki chini ya moja ya kumi na mbili. Yaani wimbi halipungui sawasawa: pembe zake kali zinaliwa kwanza, na alama moja (kiwango kimoja cha volti kilichotumwa) inaanza kumwagikia inayofuata. Ongeza kelele za jenereta, za chaja, na za jozi jirani ndani ya kebo ileile.

Kazi ngumu ya PHY ni kusikiliza fujo hiyo na kuamua kilichotumwa. Ndani yake kuna kisawazishi, yaani saketi inayopima jinsi kebo *yako* inavyoharibu mawimbi na kuyanyoosha upya, na inaendelea kujirekebisha muda wote laini ikiwa hai. Ndiyo maana kebo inaweza kufanya kazi vizuri leo na kusumbua wiki ijayo bila mtu kuigusa. PHY ilikuwa inavumilia ubovu kidogo kidogo, sasa uvumilivu umefika mwisho.

Kwa nini nyaya zimesokotwa mbili mbili?

PHY haipimi volti ya waya mmoja dhidi ya ardhi. Inapima tofauti kati ya nyaya mbili za jozi. Kelele inayotoka nje huzigusa zote mbili karibu sawa, na ukitoa moja kwa nyingine inajifuta. Msokoto ndio unaohakikisha kwamba zinaguswa sawa. Fundi anayefumua sentimita tano za msokoto ili kuingiza pini kwa urahisi anaiondolea kebo kinga yake mahali penyewe inapohitajika zaidi. Fumua kidogo kadiri unavyoweza, isizidi milimita 13.

## Jinsi biti zinavyosafiri

Kasi ya 10 na ya 100 zinatumia mawimbi ya namna moja?

Hapana. Ethaneti ya megabiti 10 kwenye nyaya zilizosokotwa, iliyosanifiwa mwaka 1990, hutumia usimbaji wa Manchester: kila biti ina mruko wa volti katikati yake. Ni rahisi kusoma, ila inakula masafa mara mbili. Isipotuma data hukaa kimya, ikitoa pigo moja fupi kila baada ya milisekunde 16 hivi kusema "bado nipo".

Ya megabiti 100, yaani 100BASE-TX ya mwaka 1995, hainyamazi kamwe. Hata usipotuma chochote, PHY inaendelea kurusha alama za "sina kitu" ili upande wa pili usipoteze mapigo ya saa. Data hupitia hatua tatu. Kwanza kila biti 4 zinageuzwa kuwa 5, na kasi inapanda kutoka milioni 100 hadi alama milioni 125 kwa sekunde. Kisha biti zinachanganywa kwa mfuatano unaofanana na bahati nasibu, ili nishati isirundikane kwenye masafa machache na kusumbua redio za jirani. Mwisho zinawekwa kwenye viwango vitatu vya volti: sifuri, juu, sifuri, chini, kwa mzunguko. Biti ikiwa moja unasogea kiwango kinachofuata. Ikiwa sifuri unabaki ulipo. Kwa kuwa mzunguko kamili unahitaji hatua nne, masafa ya juu ya wimbi ni 125 gawanya kwa 4, sawa na megahezi 31.25. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyowezesha megabiti 100 kupita kwenye kebo ya kawaida ya shaba.

Gigabiti imewezaje kupita kwenye kebo ileile?

1000BASE-T ya mwaka 1999 haikuongeza kasi ya alama. Ni zilezile milioni 125 kwa sekunde. Kilichoongezwa ni vitu vitatu: jozi zote nne zinatumika badala ya mbili, kila alama ina viwango vitano vya volti na inabeba biti mbili, na kila jozi inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Biti 2 mara jozi 4 mara milioni 125 ni bilioni moja.

Viwango vitano kwenye jozi nne vinatoa michanganyiko 625, wakati baiti moja inahitaji 256 tu. Ziada hiyo haipotei. Mpokeaji anaitumia kugundua mfuatano usiowezekana na kuchagua ulio karibu zaidi na ukweli, kwa hiyo makosa mengi yanasahihishwa kabla MAC haijajua kwamba kulikuwa na shida.

Jozi moja inatumaje na kupokea kwa wakati mmoja bila kugongana?

Ni kama kumsikiliza mtu wa siti ya nyuma ndani ya daladala huku wewe mwenyewe unaongea kwa sauti. Unaweza, kwa sababu unajua vizuri unachosema wewe na unaweza kukitoa kwenye unachosikia.

PHY inafanya hivyohivyo kwa hesabu. Inajua alama inazotuma, na wakati wa kuanzisha laini inajifunza jinsi alama hizo zinavyorudi kama mwangwi kutoka kwenye kila kiungio, kila soketi, kila mahali kebo ilipobanwa. Kisha inatoa mwangwi huo kwenye kila sampuli inayopokea. Inatoa pia minong'ono ya jozi tatu nyingine zilizo pembeni. Hesabu hizi zinafanywa mara milioni 125 kwa sekunde kwa kila jozi, na ndizo zinazofanya chipu ya gigabiti ipate moto kuliko ya 100. Ukigusa PHY ya gigabiti ikiwa na laini na kuhisi joto, usishtuke. Joto la kutilia shaka ni lile la chipu inayounguza kidole wakati hakuna kebo iliyochomekwa.

Pande mbili zinalinganishaje saa zake?

Kila upande una kristali yake, na hakuna kristali mbili zinazofanana kabisa. Chipu nyingi zinataka kristali isiyokosea zaidi ya sehemu 50 kwa milioni. Mpokeaji hatumii saa yake kusoma data. Anaitoa saa ya mtumaji kutoka kwenye miruko ya mawimbi yenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchanganya biti: mfululizo mrefu bila mruko ungemwacha mpokeaji hewani.

Tofauti iliyobaki inamezwa na akiba ndogo ndani ya chipu. Ikiwa saa mbili zimetofautiana kwa sehemu 100 kwa milioni, kwenye fremu ya baiti 1518, yenye biti 12,144, utakuwa umeteleza biti moja na ushei. Akiba inaimudu, na nafasi ya biti 96 kati ya fremu inairudisha sawa. Kwenye gigabiti upande mmoja unateuliwa kuongoza saa na mwingine unafuata, maana bila hivyo hesabu za mwangwi zingeteleza.

## Makubaliano ya kasi

PHY mbili zinakubalianaje kasi?

Kabla laini haijawaka, kila upande unatuma vifungu vya mapigo mafupi, kati ya 17 na 33 kwa kila kifungu. Kumi na saba ni ya saa na huwepo daima; yale yanayojitokeza katikati yake ndiyo biti 16 za ujumbe: "naweza 10, naweza 100, naweza kutuma na kupokea kwa pamoja." Kila mmoja akishasoma orodha ya mwenzake, wanachagua kilicho bora kwa wote.

Swichi na laptopu zote ni za gigabiti. Kwa nini inaonyesha 100?

Karibu kila mara jibu ni kebo. Kasi ya 100 inahitaji jozi mbili tu, pini 1-2 na 3-6. Gigabiti inahitaji zote nne. Pini ya 4, 5, 7 au 8 isiposhika vizuri, gigabiti haipiti.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengi hawalijui. Mazungumzo ya kukubaliana yanapita kwenye jozi zilezile mbili za 100. Kwa hiyo PHY zinaweza kukubaliana gigabiti kwa furaha, zikaanza mafunzo ya laini, zikakwama kwa sababu jozi ya 4-5 imekatika, zikaanza upya. Utaiona taa ya linki ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Chipu nyingi za kisasa baada ya kushindwa mara kadhaa zinashuka zenyewe hadi 100. Chipu isiyoshuka itabaki bila laini kabisa, na mwenye ofisi atakuambia poti imekufa. Kabla ya kuuza swichi mpya, badilisha kebo.

Kwenye Linux andika `ethtool eth0` uone kasi iliyokubaliwa na orodha ya kila upande. Upande wa pili ukiwa umetangaza 1000 na laini iko kwenye 100, tafuta jozi mbovu.

Mtandao unapita ila ni mzito mno, na makosa ya CRC (ile hesabu ya kukagua makosa mwishoni mwa fremu) yanapanda. Nimeweka 100 kwa mkono upande mmoja. Kuna ubaya?

Upo, na huu ni ugonjwa mkongwe. Ukizima makubaliano upande mmoja na kulazimisha 100 ya kutuma na kupokea kwa pamoja, upande wa pili unasikia mawimbi ya 100 lakini hausikii ujumbe wowote. Kasi unaitambua kutokana na mawimbi. Kama mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja, hauna njia ya kujua, na kanuni inauelekeza uchague zamu kwa zamu. Sasa mmoja anaongea wakati wowote na mwingine anaona kila mwingiliano ni mgongano. Ping inapita vizuri, kupakua faili kunatambaa. Acha makubaliano yawe wazi pande zote mbili, au yalazimishwe pande zote mbili.

Bado nahitaji kebo ya kupishana, ile ambayo jozi ya kutuma na ya kupokea zimebadilishwa upande mmoja?

Ni nadra. PHY za kisasa zinabadilishana jozi zenyewe. Ukikutana na vifaa viwili vya zamani visivyo na uwezo huo, ndipo utaihitaji.

## Transfoma, radi na hewa ya bahari

Transfoma ya nini, wakati chipu ingeweza kuunganishwa moja kwa moja?

Majengo mawili, au hata vyumba viwili vyenye nyaya tofauti za umeme, hayana ardhi ya volti moja. Transfoma inapitisha wimbi na kuzuia tofauti hiyo isitembee ndani ya bodi. Kanuni ya Ethaneti inadai ivumilie volti 1500 za umeme mbadala kwa dakika nzima. Vilevile inapunguza kelele inayokuja sawa kwenye nyaya zote mbili za jozi.

Radi imepiga na poti zimekufa. Nianzie wapi?

Kila masika swali hili linarudi. Anza na multimita, kifaa kikiwa kimezimwa na kebo imetolewa. Pima pini 1 na 2 kwenye soketi: unapaswa kusoma omu moja au pungufu, maana ni koili ya transfoma. Rudia 3 na 6. Ikiwa haisomi kitu, koili imekatika. Kisha pima pini 1 na 3. Kwenye bodi nyingi zisizo na PoE (umeme unaopitishwa kwenye kebo ya mtandao) utasoma omu 150 hivi, kwa sababu katikati ya kila koili kuna rezista ya omu 75 na zote zinakutana mahali pamoja, kabla ya kapasita ya volti 2000 inayokwenda kwenye chasi. Linganisha na poti jirani iliyo nzima. Hiyo ndiyo rejea bora kuliko namba yoyote tunayoweza kukupa.

Transfoma ikiwa nzima na poti haiwaki, PHY ndiyo imeungua. Kwenye ruta ambayo PHY ni chipu ya peke yake, inabadilishika. Kwenye swichi ya chipu moja, ukiona poti mbili zimekufa, tegemea nyingine kufuata.

Kwa wenye kebo za shaba kati ya jengo na jengo, kule Mbagala au Tegeta ambako nyumba ya mlinzi iko mita 60 kutoka nyumba kubwa, tunasema wazi: weka faiba. Volti 1500 za transfoma si kitu mbele ya radi iliyoanguka jirani.

Nipo Kigamboni karibu na ufukwe. Kwa nini laini zinakatika-katika baada ya mwaka mmoja?

Unyevu wenye chumvi unakula pini. Chomoa kichwa cha RJ45 uangalie kwa tochi: ukiona ukijani kwenye shaba au madoa meusi kwenye dhahabu ya pini, umepata mgonjwa wako. Kutu inabadilisha ukinzani mahali pamoja, na mahali hapo panarudisha mwangwi ambao PHY haikujifunza wakati wa kuanza. Kata, bana kichwa kipya chenye dhahabu nene, na kwa kamera za nje tumia kisanduku kinachofungwa.

## Kebo za madukani

Nitajuaje kebo ni shaba tupu?

Kwangua waya kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Upitishaji wake wa umeme ni takriban asilimia 60 tu ya shaba, na ukiupinda mara chache unakatika. Kwa kipande kifupi cha mezani inaweza kupita. Kwa mita 80 za kamera yenye PoE, hapana: volti inashuka njiani, kebo inapata joto, na PHY ya upande wa mbali inasikiliza wimbi lililochoka. Ni muhimu kumwambia mteja kabla hajalipa.

PHY inaweza kuniambia kebo imekatika mita ya ngapi?

Nyingi zinaweza. Chipu inatuma pigo na kusubiri mwangwi. Mawimbi hutumia takribani nanosekunde 5 kwa kila mita, kwenda na kurudi 10. Mwangwi ukirudi baada ya nanosekunde 300, shida iko mita ya 30. Kwenye Linux mpya jaribu `ethtool --cable-test eth0`. Uwezo huu unategemea chipu na draiva.

## Kwa wanaounda bodi

Nimeunganisha LAN8720A na ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye MAC ndani), haioni PHY. Nifanye nini?

Soma rejista ya 2 (rejista ni nafasi ndogo ya kumbukumbu ndani ya PHY) kupitia MDIO. LAN8720A inapaswa kujibu 0x0007. Ukipata 0xFFFF, hakuna anayejibu kwenye anwani hiyo: angalia kama PHY imewekwa anwani 0 au 1, kama MDIO ina rezista ya kuivuta juu (kilo-omu 1.5 inatosha), na kama mguu wa kuanzisha upya umeachiliwa.

Chanzo kingine ni GPIO0, mguu mmoja wa ESP32. ESP32 inapokea saa ya megahezi 50 kupitia mguu huo, na mguu huohuo ndio unaoamua kama chipu iwake kawaida au isubiri programu mpya. Saa ikianza mapema, bodi haiwaki. Baadhi ya bodi, kama WT32-ETH01, huwasha kioscilata kwa mguu mwingine baada ya ESP32 kuamka. Igeni mpango huo.

Rejista inasema laini imekufa wakati taa inawaka. Inadanganya?

Haidanganyi. Biti ya 2 ya rejista ya 1 inakumbuka kukatika: laini ikishuka hata kidogo, inabaki sifuri mpaka isomwe. Soma mara mbili. Jibu la kwanza ni historia, la pili ni hali ya sasa. Ukitaka kukamata laini inayokatika kwa sekunde chache usiku, jibu hilo la kwanza ndilo la kuhifadhi.

Nikibadilisha PHY, anwani ya MAC itabadilika?

Kama PHY ni chipu ya peke yake, hapana. Anwani iko upande wa MAC. Kadi za kompyuta ambazo MAC na PHY zimo kwenye chipu moja ni jambo jingine: hifadhi anwani kabla ya kuing'oa.

Nimesikia kuna Ethaneti ya jozi moja inayofika kilomita moja. Naweza kuichomeka kwenye swichi yangu?

Ipo. 10BASE-T1L, iliyosanifiwa mwaka 2019, inapeleka megabiti 10 hadi mita 1000 kwa jozi moja, na imelengwa viwandani kwa ajili ya vipimo vya matangi, pampu na mitambo. Inatumia viwango vitatu vya volti na alama milioni 7.5 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake linachoka polepole sana kuliko la 100. PHY ya kawaida haiielewi hata kidogo: usimbaji ni tofauti, idadi ya jozi ni tofauti, na hata mazungumzo ya kukubaliana ni mengine. Utahitaji kigeuzi chenye PHY zote mbili, moja kila upande, zikiongea kupitia MII au RMII kama tulivyoeleza kwenye swali la MAC.